Kalunde na Wajukuu wa Mtama

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa punje.

Ya mtama.

Mtama wa nani?

Wa aliyengoja.

Na asiyengoja?

Alale na njaa.

Haya, sogeeni, ila msiniwekee miguu kwenye kuni. Hadithi ya leo haina sungura. Anayemtaka sungura aende nyumba ya jirani, huko sungura hawakosekani. Mimi leo nasimulia jambo zito, na anayetaka kucheka acheke pale nitakapocheka mimi.

Hapo zamani za kale, jembe likiwa bado halijapata mpini, mtama ulikuwa haujakubali kukaa na watu. Uliota unakotaka, ukazaa unavyotaka, na siku ulipoiva upepo ulipita mara moja tu, punje zote zikamwagika chini. Chini walikuwepo panya. Juu walikuwepo kwelea, wale ndege wadogo wanaokuja kama wingu. Mwanadamu alifika mwisho. Alipiga magoti akaokota punje moja moja, na mchanga akauokota humo humo. Ugali wa siku hizo ulilia menoni.

Katika nchi hiyo, kando ya mbuga yenye udongo mweusi, alikuwepo mjane kijana jina lake Kalunde. Mumewe Masele alikufa kwa njaa. Binti zake walikufa kwa njaa. Alibaki na mtoto mmoja wa kiume, naye alikuwa mgongoni, mwepesi, halii tena. Mtoto akiacha kulia kwa njaa, jueni mambo yamekwisha kuharibika.

Siku moja upepo ulivuma tangu asubuhi. Kalunde akakimbia na ungo wake kwenda porini, akakuta panya wamepita, kwelea wamepita, mabua yamesimama matupu. Akakaa chini. Alipoinua macho aliona suke moja limejaa, halijadondosha hata punje.

Akanyoosha mkono. Suke likaimba:

*Nishike nikushike,*
*Mwenye mkono, nishike,*
*Nikianguka naoza,*
*Nikikaa nanyauka,*
*Nishike nikushike.*

Kalunde akarudisha mkono. Akanyoosha tena, suke likaimba vile vile. Akanyoosha mara ya tatu, suke likaimba vile vile. Njaa ikamshinda woga, akauliza.

"Wewe ni nani unayeimba?"

"Mimi ni kilema wa ukoo wetu," suke likasema. "Dada zangu wakiiva huwaachia watoto wao waanguke, waote. Mimi sijui kuachia. Watoto wangu hunifia mikononi. Kila aliyezaliwa kama mimi alikufa bila kizazi."

"Basi nikusaidie nini? Mimi mwenyewe sina la kujisaidia."

"Kula nusu yangu. Nusu nyingine nifukie ardhini kwa mkono wako mvua ikija. Mimi nitakushikia punje. Wewe utanishika mimi."

"Na nikisahau?"

"Ukisahau mvua moja, mimi sipo tena. Na wewe utakuwa umeshazoea kunila, kwa hiyo hutakuwepo."

Maneno mazito hayo. Kalunde alikata suke, akatwanga nusu, akampikia mtoto uji, mtoto akalia. Alifurahi kusikia kilio. Nusu nyingine aliifunga kwenye kipande cha ngozi, na mvua ilipokuja aliifukia kwa mkono wake.

Tangu hapo akaweka desturi. Mtama ukiiva, kabla kisu hakijaingia shambani, mama mwenye shamba hutangulia. Huingia peke yake na ugwe kiunoni, hutazama suke kwa suke, na lile analolipenda hulifunga ugwe. Suke lenye ugwe halikatwi, haliliwi, hata mfalme akija mgeni. Hilo ni mbegu. Na ugali wa kwanza wa mavuno mapya huonjwa kwanza na yeye aliyetangulia. Akisema "mtamu," ndipo wengine wanapokula.

Mvua ya kwanza Kalunde alifunga masuke yanayoshika punje. Mvua ya pili alifunga masuke yaliyojaa. Mvua ya tatu alifunga masuke yasiyo na uchungu. Mvua zikaenda, mtama wake ukawa mweupe, mnene, mtamu. Wanawake wengine walikuja kuomba mbegu, akawapa, nao wakaanza kutangulia kwenye mashamba yao. Lakini kila mmoja alifunga anachokipenda. Huyu alifunga mwekundu, maana mumewe alipenda pombe. Yule alifunga mweusi, maana uji wake ulituliza tumbo la mtoto. Mwingine alifunga mfupi unaowahi kuiva, maana hakuwa na subira, na watu wasio na subira nao Mungu amewaumba.

Nchi ikawa na mtama wa kila rangi. Watu wakanenepa.

Sasa sikilizeni, maana anaingia mbaya wetu. Alikuwepo pepo mmoja aliyeitwa Masizi. Alikuwa na vidole vyeusi, alisafiri na upepo wenye unyevu, na chakula chake kilikuwa punje changa za mtama. Akiingia ndani ya punje huila yote akaacha ganda. Ukilipasua unatoka unga mweusi.

Masizi akafika, akapiga hodi kwa mtama mweupe.

"Hodi."

"Karibu."

Akaingia, akala. Akaenda kwa mwekundu.

"Hodi."

"Hatukujui, pita."

Akaenda kwa mweusi.

"Hodi."

"Hatukujui, pita."

Akaenda kwa mfupi, akamkuta ameshavunwa zamani. Masizi akaondoka na njaa yake. Watu walikula vizuri mwaka ule, na kwa kuwa walishiba, hakuna aliyeuliza nani amepita.

Ikatokea Mtemi wa nchi ile kumwozesha mwanawe. Wanawake wakapika ugali wa mtama mweupe wa Kalunde. Mtemi akala tonge, akala la pili, akaita mpiga ngoma wake.

"Ugali huu ni kama maziwa," akasema. "Kuanzia leo nchi yangu ipande mtama mmoja, huu. Mwenye shamba la rangirangi ananitia aibu mbele ya wageni."

Basi maneno ya Mtemi yakashuka kwa watu, na watu, mnawajua, huyaongezea chumvi. Shamba lenye mchanganyiko likaitwa shamba la chui. Msichana aliyetoka nyumba yenye shamba la chui hakuposwa. Wanaume wakachukua mbegu za mwekundu, wakapika pombe, wakanywa mpaka ikaisha. Walilewa mbegu zao, na siku ile walicheka sana.

Na Kalunde? Ningependa kuwaambia kwamba alikataa. Hakukataa. Alifurahi. Mtu aliyewahi kuokota punje mavumbini, leo nchi nzima inapanda mtama wake, asifurahi? Alitembea na mpiga ngoma shamba kwa shamba, akawaonyesha wanawake upi wa kung'oa. Mwekundu aliung'oa. Mweusi aliung'oa. Mfupi aliung'oa. Kule mbugani alipoyaona mabua membamba ya mtama-pori, ukoo ule ule wa zamani unaodondosha punje, akawaambia wenzake, "Hilo nalo ni gugu." Basi wakaling'oa walilolifikia.

Mvua zikaenda. Kalunde akazeeka. Mwanawe akaoa mke jina lake Nyanzala, mwanamke mwenye mikono ya kazi na mdomo usiojua kulala. Wakapata mtoto wa kiume, wakampa jina la babu yake, Masele. Ndivyo desturi yao ilivyokuwa, mtoto hapewi jina la baba, hupewa la babu. Na Kalunde, kama mabibi wote, alimwita mjukuu wake "mume wangu," akamwuliza kila asubuhi ameoa lini mke mwingine.

Mwaka ule upepo wenye unyevu ukarudi, na Masizi akarudi nao.

Akapiga hodi shamba la kwanza.

"Hodi."

"Karibu."

Akapiga hodi shamba la pili.

"Hodi."

"Karibu."

Akapiga hodi shamba la tatu.

"Hodi."

"Karibu."

Alikuwa amejifunza mlango mmoja, na milango yote ilikuwa ule ule. Akazunguka nchi nzima hajaambiwa "pita" hata mara moja. Watu walipoingia na visu walikata masuke yenye sura nzuri, wakapasua punje, ukatoka unga mweusi. Wakapasua nyingine, ukatoka unga mweusi. Mikono ya watoto ikawa myeusi, na majumbani mwa watu hapakuwa na la kupika.

Mtemi alichinja ng'ombe. Masizi hali ng'ombe. Mtemi akaita waganga, waganga wakala ng'ombe. Mvua iliyofuata watu wakapanda mtama mweupe tena, maana hapakuwa na mwingine, na Masizi akapiga hodi tena. Mume wa Nyanzala akatoka kwenda nchi za mbali kutafuta chakula. Hakurudi, na mimi sijui alifia wapi.

Kalunde alibaki na kibuyu kimoja cha mtama mweupe, cha zamani, juu ya moshi wa jikoni. Alijua akiupanda, Masizi ataula. Akakaa siku nyingi akiwaza, halafu akashika njia ya mbugani, kwa mtama-pori, maana alikuwa amesikia kwamba ule peke yake haukuwa na masizi.

Alifika akasema, "Nipe mbegu zako." Mtama-pori ukanyamaza.

Akarudi siku nyingine akasema, "Mtemi ndiye aliyeamuru." Mtama-pori ukanyamaza.

Akarudi siku ya tatu. Alipiga magoti kwenye udongo mweusi akasema, "Ni mimi niliyekuita gugu. Ni mkono huu ulioking'oa kizazi chako. Mjukuu wangu anakufa."

"Sasa umesema," mtama-pori ukajibu. "Unataka nini kwa gugu?"

"Masizi hakugusi. Nataka siri hiyo."

"Siri hii haipokelewi kwa mkono. Huzaliwa nayo. Ukinipanda mimi, nitakudondoshea punje kwenye mavumbi kama zamani, nawe umekwisha kuzeeka, huwezi kushindana na panya. Niozeshe kwa binti yako mweupe."

"Nitawaozeshaje nanyi hamna miguu?"

"Vumbi la manjano lililo kwenye maua yangu ndilo posa. Lakini mke mwenye mume haposwi. Maua ya mweupe yana vumbi lao wenyewe. Liondoe kwanza, alfajiri, kabla vifuko vyake havijapasuka. Kisha uje na langu."

Kalunde akapanda mtama mweupe pale mbugani. Mvua ile mtama-pori ulichanua mapema, na mweupe ulipochanua mchumba alikuwa amekwisha kunyauka. Harusi ikavunjika. Kalunde akalia, kisha akafanya ujanja wa wapishi, wa kuweka vyungu kwa zamu. Mvua iliyofuata alipanda mweupe mara tatu, wa kwanza mvua ilipogusa ardhi, wa pili vyura walipoanza kelele, wa tatu kumbikumbi walipotoka. Wa kwanza uliwahi. Wa tatu ulichelewa. Wa kati ukachanua pamoja na mtama-pori.

Alfajiri alikaa kwenye kigoda chake na mwiba wa mgunga. Ua la mtama ni dogo kuliko chawa, na macho yake yalikuwa ya bibi. Akatoa vifuko vya vumbi kimoja kimoja. Nyanzala akaja na mtoto kiunoni, akasimama kumtazama.

"Mama, watu wanachimba mizizi wewe unachokonoa maua?"

"Naandaa harusi, mwanangu."

"Harusi ya nani njaa hii?"

"Ya watu wasioalikana."

Nyanzala alitikisa kichwa, akaenda kuchimba mizizi. Kalunde akakung'uta vumbi la mtama-pori juu ya suke jeupe, akalifunika kwa kifuko cha ngozi ili upepo usilete mgeni mwingine. Suke likakomaa. Akapata kiganja cha punje. Mvua ilipokuja akazipanda zote.

Watoto wakaota. Nchi nzima ikaja kutazama. Na watoto, jamani, walikuwa wembamba. Walikuwa wachungu. Upepo ulipopita waliachia punje chini kama baba yao.

Mtemi akaja mwenyewe, amekonda, ngozi ya bega imelegea. "Kalunde," akasema, "nchi inakufa, na wewe umetuzalia magugu."

"Mtemi, nauliza. Mwanao ulimpa jina lako?"

"Kwani mimi mgeni hapa? Nimpe jina langu? Hapana, mwanangu ana jina la baba yangu. Jina langu atalichukua mjukuu."

"Basi, Mtemi, nami nangoja wajukuu. Hawa ni watoto, wamemfuata baba. Mama yao mweupe yumo ndani yao, amelala. Jina lake litaamka kwa wajukuu. Na kabla hujaondoka, pasua punje uniambie umeona nini."

Mtemi akapasua punje. Nyeupe ndani. Akapasua ya pili, akapasua ya tatu. Masizi hakuwemo. Mtemi akawakataza watu wasichome moto shamba lile.

Kalunde akatandika ngozi na majamvi chini ya mabua, akazidaka punje zilipodondoka. Akajaza kibuyu mpaka shingoni, akakiziba kwa nta, akakitundika juu ya moshi. Mvua ilikuwa bado mbali.

Hapo ndipo palipo moyo wa hadithi yangu. Tulieni.

Jua likakausha hata mizizi. Nyanzala alichimba mpaka kucha zikang'oka. Masele mdogo akaacha kucheza, akaacha kuuliza, akaanza kunyamaza. Nyanzala akautazama ule unyamavu, akakitazama kibuyu, akasimama mbele ya mkwewe.

"Mama, kishushe."

"Sikishushi."

"Mtoto anakufa."

"Namwona."

"Ni mjukuu wako. Ni mume wako, wewe mwenyewe unamwita hivyo. Na juu ya kichwa chake kuna chakula."

"Humo hamna chakula, Nyanzala. Mtakula siku chache, kisha mtakufa wote, na pamoja nanyi kila atakayezaliwa. Humo kuna mavuno."

"Mavuno ya nani? Ya magugu?"

"Sijui kama nimepatia. Nakwambia kweli, mwanangu, sijui. Lakini hamna kingine."

Nyanzala alikuja mara ya pili, akaomba kwa machozi. Kalunde akakataa. Alikuja mara ya tatu, na safari hii hakuomba. Alimwambia maneno ambayo mkwe hamwambii mkwe.

"Nimekujua sasa," akasema. "Unamnyima mtoto, halafu sisi tukienda kuchimba wewe unabaki peke yako na kibuyu. Unatafuna. Uzee wako ndio unaouponya, si nchi."

Kalunde alivuta kigoda chake, akakaa chini ya kibuyu, mgongo kwenye nguzo. Kuanzia siku ile sehemu yake ya mizizi aliisogeza kwa Masele. Nyanzala aliona, akadhani ni toba ya mwizi. Aliona bibi hali chochote, akajisemea moyoni, anajua atakakokula.

Siku wingu la kwanza liliposimama upande wa mashariki, Nyanzala alirudi kutoka porini akamkuta mkwewe amekaa vile vile kwenye kigoda, mgongo kwenye nguzo. Akamwita, kimya. Akamgusa, baridi.

Nyanzala hakulia. Alikuwa na hasira bado. Akapanda juu ya kigoda kile kile akakishusha kibuyu, akiwa tayari kuona kimebaki ganda. Kibuyu kikamwelemea. Kilikuwa kizito, kimejaa mpaka shingoni, nta haijaguswa.

Kisha akamwinua mkwewe amlaze kwenye ngozi. Akamwinua kwa mkono mmoja.

Hapo Nyanzala akalia. Alilia kilio ambacho watu wa nyumba za mbali walikisikia, wakajua kuna msiba mkubwa, ingawa msiba ulikuwa kila nyumba. Alisema, "Mama, nimekutukana na ulikuwa na njaa." Alisema hivyo, akasema tena, akasema tena.

Walimzika Kalunde wingu likiwa juu. Nyanzala alirudi nyumbani, chungu kitupu kikiwa jikoni, mtoto akimtazama. Mkono wake ulikishika kibuyu, na msimlaumu, mama yeyote angekishika. Akakaa nacho mapajani mpaka tone la kwanza likapiga majani ya paa. Ndipo akachukua jembe.

Alipanda kila punje. Na mvua ile, kwa kuwa Mungu naye huchoka kutazama, ilileta mlenda mapema na kumbikumbi wengi, wakala hivyo, wakashikilia. Masele hakufa. Naona mlikuwa mnangoja nilitaje hilo.

Wajukuu wakaota. Jamani, wajukuu hawakufanana. Mmoja alikuwa mwembamba kama babu wa porini. Mwingine mnene, mwingine mfupi, mwingine mrefu. Wapo walioiva wekundu, wapo walioiva kahawia. Masizi akaja na vidole vyake.

"Hodi."

"Pita."

"Hodi."

"Karibu."

"Hodi."

"Pita, hatukujui."

Akala hapa, akakataliwa pale, akachoka, akaenda.

Nyanzala akafunga ugwe kiunoni akatangulia. Alitikisa suke, likamwagika, akaliacha. Alitikisa jingine, likashika. Akauma punje, chungu, akaliacha. Akaja kwenye jingine, akatikisa, likashika. Akauma, halikuwa chungu sana. Akapasua, ndani nyeupe, safi. Alikaa chini karibu na bua lile, akaliwekea shavu. Kisha akalifunga ugwe. Aliinuka akafunga na jekundu lililo safi, akafunga na fupi lililo safi, akafunga na moja lenye sura mbaya ambalo hakujua lina faida gani.

Mtemi akamwuliza, "Mama Masele, katika mbegu hizi, nchi ipande ipi?"

"Mtemi, kila mama na ugwe wake," akajibu.

"Na lile gugu la mbugani?"

"Yule ni mkwe wetu, Mtemi. Mkwe hang'olewi shambani mwake."

Mtemi akainamisha kichwa. Ngoma haikupigwa.

Mvua ya pili mbegu zile zikajaza vikapu, mvua ya tatu zikajaza maghala. Ndipo ugali ukapikwa hadharani, wa watu wote, sufuria za siku hizo zilikuwa vyungu, nao ulipakuliwa ukafuka mvuke. Watu wakakaa duara. Wakanawa. Hakuna aliyenyoosha mkono. Walikuwa wanamngoja aliyetangulia aonje, na macho ya wazee, kwa mazoea tu, yalikuwa yanamtafuta Kalunde. Halafu wakakumbuka. Macho yote yakamwendea Nyanzala.

Akakata tonge, akatia kinywani. Akatafuna, akatafuna, hakumeza haraka. Machozi yakamshuka mpaka kwenye kidevu, naye hakuyafuta.

"Vipi, mama Masele?" Mtemi akauliza. "Ni mtamu?"

Watu walingoja lile neno la desturi. Nyanzala akameza.

"Una uchungu kidogo," akasema. "Kuleni."

Wakala wote.

Tangu siku hiyo mtama una ile ladha ya mwisho inayobaki nyuma ya ulimi. Msiisemee vibaya mbele yangu.

Na fundisho ni hili, sitalizungusha. Nchi inayopanda mbegu moja imemfundisha adui mlango mmoja, na mashamba yote yana mlango huo. Usiling'oe usilolijua kazi yake. Na unapokula, jua kwamba yupo mtu aliyekaa chini ya chakula hicho akafa kibuyu kikiwa kimejaa, ili wewe leo usukume sahani useme umeshiba.

Mimi nilipita siku ile ya ugali, nikaomba tonge, wakanipa ukoko. Ndiyo maana sauti yangu inakwaruza.

Hadithi imekwisha, nimeimwaga mbele yenu. Iliyoanguka kwenye sikio zuri itaota. Iliyoanguka kwenye sikio la anayekoroma, basi, kwelea nao wale.